Bluu Usiiamini

Dola arobaini, pamoja na debe la bawaba zenye kutu
ambalo sikulitaka. Mnadishaji alikataa kuvitenganisha.
Ndivyo kilishio cha waya cha marehemu Delbert Friesen
kilivyopanda gari langu, mwezi wa pili,
nyuzi thelathini na moja chini ya sufuri,
Saskatchewan yote nyeupe kama sahani iliyokwisha kulambwa.

Agatha, mjane wake, alinishikia mlango wa gari.
Miaka kumi na miwili hatukuwa tumesalimiana
kwa ajili ya mtaro: maji yao, shamba langu.
"Kilikuwa kinafanya kazi," akasema.
Sikumwuliza kipi.

Gereji. Jiko la kuni linalalama.
Mashine yangu ya kulehemu ni ya ukoo mwingine:
soketi ya matundu tisa, inatoa volti mia na kumi na tano.
Mgeni ana plagi ya pini kumi na nne
na anakula volti arobaini na mbili, ukizidisha anaungua.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Huyu alikuja na masharti ya chakula.

Transfoma nilikuwa nayo, uvunguni mwa meza,
nimeichomoa kwenye ubao wa mabao
siku walipobomoa uwanja wa hoki.
Iliwahi kuwasha ushindi wa wageni, sasa ilishe mmoja.
Kisha relei, ndogo kama kiberiti.
Hiyo ndiyo mshenga:
inasikia kidole upande huu,
inabisha hodi upande ule,
na umeme wa nyumba hizo mbili haugusani kamwe.
Mshenga akikosea mlango, arusi inateketea.

Nikafuata mchoro wa kiwandani, waya kwa waya.
Bluu: swichi ya bunduki. Nikabonyeza.
Pa! Fyuzi. Ya pili: pa!
Nikalitukana jina la marehemu kwa Kiukraine cha bibi yangu,
ambacho ninakijua kwa matusi na sala tu.

Nilipofungua kifuniko cha ubavuni, ndani yake
palikuwa na kipande cha utepe, manjano kwa uzee,
herufi kubwa zimeinama kushoto:
NJANO NDIYO SWICHI. BLUU USIIAMINI. D.F.

Nikakaa juu ya debe la bawaba.

Kumbe naye aliwahi kukiposea mashine nyingine,
usiku mwingine, peke yake, akihesabu pini kwa ncha ya penseli.
Lakini mtu aliyenigeuzia maji ya mvua,
nimwamini kwenye rangi?
Nikachukua mita. Nikagusa bluu.
Sindano ikaruka hadi mwisho kama iliyochomwa.
Nikagusa njano: kimya, kama kilivyotakiwa kuwa.

Mshono wa kwanza ulikuwa mavi ya kuku.
Wa pili, waya ulinisukuma mkono,
kwa kuwa magurudumu ya Delbert yana mfuo mpana
na mimi natumia waya mwembamba.
Nikayageuza, nikapunguza kasi, nikashusha miwani ya kusomea
chini ya kofia ya chuma.
Wa tatu: ile sauti. Vitunguu kwenye siagi.
Jino la mashine ya kupandia, lililovunjika tangu Oktoba,
likashika, likawa jekundu, likapoa likiwa kitu kimoja.

Haukuwa mshono mzuri. Ulikuwa mshono.

Kabla sijafunga kifuniko nilitafuta kalamu.
Chini ya mwandiko wake nikaandika:
BLUU NIMEIKATA. L. WORONIUK.
Skrubu tatu zikaingia, ya nne sikuiona,
ikabaki nafasi yake.

Kesho nitapita kwa Agatha na debe.
Lango lao limefungwa kwa kamba tangu vuli,
huliona kila nikienda posta na kujidai sijaliona.
Kutu inasuguliwa, ikatoka.
Matundu ya skrubu ndiyo sijui kama yatalingana.